Kondoo wa Shukrani

Watu husema elimu haina mwisho. Waliosema hivyo hawakuwa na baba mzee anayewangoja. Makokha, mshika pointi wa reli katika stesheni ya Nakuru, yaani mwenye kuyageuza magarimoshi njia, alimngoja mwanawe Wamalwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe, na kila kijana alipoingia nyumbani na cheti kipya, mzee alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akamrudishia, akauliza swali lake lile lile.

"Sasa umemaliza?"

Shule ya misheni haikuwa mwisho. Sekondari haikuwa mwisho. Hata Makerere, ambako mzee alidhani ndiko dunia inakoishia, hakukuwa mwisho, kwa kuwa Wamalwa alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea shahada ya juu kabisa, ile inayomfanya mtu aitwe daktari bila kushika sindano. Alimwacha mkewe Nasimiyu na mtoto mchanga. Aliporudi mwaka 1956, mtoto huyo, Nekesa, alijificha nyuma ya mlango akamwuliza mama yake huyu mgeni ataondoka lini.

Wamalwa hakuwa amerudi kupumzika, wala hakuwa amemaliza: utafiti wa shahada yake ulikuwa wa kufanyiwa nyumbani. Masetla wa Njoro na Elburgon, wazungu wenye mashamba makubwa ya ngano, walikuwa wakilia kila mwaka kwa sababu ya kutu, ugonjwa unaoipaka ngano rangi ya bati lililosahauliwa mvuani na kuyaacha masuke matupu. Yeye alitaka kujua ni mbegu zipi zinazoweza kuustahimili. Alipanda mbegu nyingi katika vitalu vidogo vidogo, kila kitalu na mbegu yake, kila kitalu na kigingi chake chenye namba. Siku ya kuvuna, kila kitalu kilipaswa kukatwa peke yake, kupurwa peke yake na kupimwa peke yake. Tena hayo yalitakiwa misimu miwili, kwa maana msimu mmoja unaweza kusema uongo. Ukiondoa maneno makubwa, shahada yenyewe ndiyo hiyo: misimu miwili ya ngano iliyokatwa bila kuchanganywa.

Ardhi aliyopewa ilikuwa kona ya shamba la setla mmoja karibu na Njoro, mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Kipara. Zamani kona hiyo ilikuwa bustani ya mtu aitwaye Waithaka na jamaa zake, kabla Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni haijaja na malori ya kuwapakia Wakikuyu na kuwapeleka walikoambiwa ndiko kwao. Siku ya kwanza ya kulima, jembe la Wamalwa liligonga mawe matatu ya jiko, bado yana masizi. Aliyang'oa akayapanga kando ya ua, na hakupata usingizi mzuri usiku ule. Watu wa magharibi ndio walioletwa kujaza nafasi za waliofukuzwa, na miongoni mwao walikuwa wazazi wa Nasimiyu. Baba yake aliendesha trekta la Kipara, naye ndiye aliyemwombea mkwe wake ile kona. Mama yake aliitwa Rahab.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo habari hii haina miguu. Kwao Wamalwa, mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye mahali pamoja, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huiacha njia. Likiwapo la kusema, huambiwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili wamesimama hapo na kila mmoja ana masikio yake. Msione ni chuki. Ni heshima, tena iliyo kubwa, kwa sababu aliyekupa mke hana deni lako, wewe ndiwe mwenye lake, na mtu wa namna hiyo hazoewi. Wamalwa alikuwa amevuka bahari, lakini katika hili alibaki mtoto wa Makokha.

Palikuwa na njia ya mkato kutoka barabarani, iliyopita mbele ya nyumba ya Rahab hadi kwenye vitalu. Hakuipita hata siku moja. Alizunguka kwa njia ndefu, nyuma ya mikaratusi, hata mvua ikimnyeshea. Naye Rahab, akiwa na safari ya upande ule, alizunguka vivyo hivyo. Kwa hiyo waliishi karibu hivyo, kila mmoja akijua mwenzake yupo, bila kusemezana. Rahab alimwona mkwe wake ameinama katika ngano asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyemwambia anainamia nini.

Wengine nao hawakujua zaidi. Asubuhi moja Chelangat, jirani yake Rahab, alikuja kwenye ua akiwa na mtoto mgongoni.

"Daktari, huyu mtoto anakohoa usiku yote."

"Pole, mama. Lakini mimi si daktari ya watu. Mimi ni ya ngano."

Chelangat aliitazama ngano, imesimama kijani kibichi na afya yake. "Na hii inauma wapi?"

Wamalwa alicheka mpaka akaketi chini. Ulikuwa mwaka mzuri ule. Kutu ilikuja kama alivyotarajia, ikala vitalu vingine na kuviacha vingine, na siku ya mavuno yeye na Nasimiyu walikata kitalu kimoja kimoja, wakapura kimoja kimoja, Nasimiyu akishika mfuko na yeye mizani. Jioni mikono yao ilikuwa imechanika na hawakujali. Nasimiyu alisema kuwa hii ndiyo mara ya kwanza masomo ya mume wake kumpa na yeye kazi ya kufanya. Alisema kwa utani, lakini haukuwa utani mtupu.

Mzee Makokha alikuja kuona baada ya hapo, amevaa koti lake la reli. Alitembea kando ya vigingi polepole, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua njia.

"Sasa umemaliza?"

"Bado msimu mmoja, baba."

"Ngano si umepima?"

"Nimepima. Lakini wanataka mara mbili, ili mtu awe na hakika."

Wamalwa alitegemea mzee atanung'unika. Badala yake mzee alitikisa kichwa kwa kukubali. "Hiyo iko sawa. Hata sisi, mtu akisema 'nafikiri nimefunga pointi', huyo ataua watu. Unaenda unaangalia na macho." Kisha akatazama milima ya Mau. "Haya. Msimu mmoja nitangoja."

Hakuungoja. Mwaka uliofuata, ngano ya pili ikiwa imeanza kugeuka rangi, nzuri kuliko ya kwanza, kifua cha mzee kilimshinda. Wamalwa aliitwa Nakuru haraka akamkuta katika nyumba yao ya reli, pumzi yake ikipanda na kushuka kwa shida. Mzee alifungua macho, midomo ikacheza. Sauti haikutoka, lakini Wamalwa alilijua swali. Alitaka kusema ndiyo. Mtu mwingine angesema ndiyo, na Mungu angemsamehe.

"Karibu nimalize, baba," alisema. "Karibu sana."

Mzee alifumba macho. Alikufa kabla jua halijatua, na mpaka leo Wamalwa hajui kama jibu lile lilimtosha.

Mwili ulipandishwa garimoshi la kwenda magharibi, kwa maana mtu wa reli aliyeishi Nakuru maisha yake yote bado huzikwa kwao. Wamalwa na Nasimiyu waliondoka nao. Vitalu aliviacha bila neno kwa yeyote, kwa sababu alidhani atakuwa amerudi kabla havijawa tayari. Na kama angetaka kuacha neno, angemwachia nani? Baba mkwe alikuwa anasafiri nao kwenda mazikoni. Aliyebaki karibu na ngano alikuwa Rahab, ambaye yeye haongei naye.

Nyumbani, mambo hayakwenda kwa haraka ya mtu wa vitabu. Palikuwa na mazishi, na baada ya mazishi palikuwa na kukaa, na wazee walikuwa bado hawajafika wote, na bila wao nywele hazinyolewi, na kabla ya kunyolewa mtoto wa kwanza wa marehemu haendi popote. Kwao mwenye msiba hashiki jembe wala mundu. Jua nalo lilikuwa kali mwaka ule, lisilo na wingu, jua la kuivisha ngano upesi. Wamalwa alikaa kwenye kigoda akalitazama jua hilo siku baada ya siku, na akaona aibu kwamba analia kwa mambo mawili. Hatimaye akamwendea Nyongesa, mdogo wa baba yake, aliyesimamia msiba.

"Baba mdogo, naomba ruhusa. Nikate ngano yangu tu, halafu nirudi."

Nyongesa hakukasirika. Alimshika bega. "Ngano itakungoja. Baba yako hatakufa mara ya pili."

Wamalwa alirudi kwenye kigoda. Nafsi yake ilimwambia mzee ana haki, na nafsi hiyo hiyo ilimwambia ngano haingoji.

Walirudi Njoro yeye akiwa amenyolewa kichwa chote. Aliposhuka barabarani hakwenda nyumbani, alishika njia yake ndefu ya mikaratusi akienda mbio na mundu mkononi, na alipotokea upande wa pili akasimama. Kona ilikuwa tupu. Ngano yote ilikuwa imekatwa, chini kabisa, kwa usafi; mabua yalikuwa yamelingana kutoka ua hadi ua. Hapakuwa na suke hata moja lililodondoka. Hapakuwa na kigingi hata kimoja.

Chelangat alimkuta hapo. Alikuwa ametumwa, na nyuma yake mbali, karibu na nyumba, alisimama Rahab, amejifunika kanga kichwani, amewapa mgongo kama desturi inavyotaka.

"Mama yako anasema pole sana ya mzee," Chelangat alisema. "Anasema usiwe na wasiwasi. Wingu ya mvua ya mawe ilikuwa inakuja kutoka Mau, na ndege walikuwa wanamaliza, na wewe uko kwa msiba. Akaita sisi wote, wamama wa kanisa. Tulikata, tukapura, tukapepeta. Iko kwa magunia. Anasema hata punje moja haikupotea."

"Na vijiti vyangu?" Wamalwa aliuliza.

"Iko. Hakukubali tuchome. Alisema ni ya mwenyewe."

Vilikuwa vimelala kwenye mlango wa ghala dogo kando ya ua, vimefungwa pamoja kwa kamba ya mgomba, namba zake zimepanguswa udongo. Nyuma yake magunia yalisimama yamejaa, yameshonwa midomo. Wamalwa alilifungua moja akaingiza mkono. Punje nene na punje zilizosinyaa, zilizougua na zilizopona, zote zilipita katikati ya vidole vyake zimechanganyika, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuzitenganisha tena. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, na ngano nayo ni hivyo.

Aliumia. Nisizunguke: aliumia kuliko alivyoumia kaburini, na kujua hivyo kulimwumiza zaidi. Alitaka kupiga kelele. Lakini pale mbali alisimama mwanamke aliyemzaa mke wake, ambaye aliacha kazi zake na kuita wenzake, wakainamisha migongo yao juani kwa ajili ya mkwe aliyefiwa. Ndivyo watu wao wanavyofanya. Mtu akiwa na msiba, shamba lake halioni msiba. Hakuna namna nyingine ya kumpenda mfiwa iliyo kubwa kuliko hiyo, na Rahab alikuwa ameifanya yote, bila kubakiza.

"Mwambie mama asante," alisema. "Mwambie Mungu awabariki wote."

Na kwa kuwa waliovunia mfiwa hawaachwi hivi hivi, alikwenda kutafuta kondoo dume, mnene, akawachinjia wale akina mama. Hakupika yeye wala hakula nao. Alikaa chumbani kwake Njoro akisubiri Nasimiyu arudi kutoka kwa mama yake. Aliporudi alisema wamama wamefurahi, wameimba nyimbo mpaka nyama ikaisha. Ndipo alipomtazama mume wake vizuri, akaweka chini kikapu.

"Baba Nekesa. Ile ngano. Ilikatwa yote pamoja?"

Nasimiyu alikuwa ameshika mfuko msimu wa kwanza. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Aliketi kitandani akaweka mkono mdomoni.

"Nitaenda nimwambie," akasema baadaye. "Ni mama yangu. Lazima ajue."

"Umwambie nini? Kwamba alinizika pamoja na baba?" Kisha akapunguza sauti. "Usimwambie. Hana kosa. Niahidi."

Nasimiyu aliahidi, ingawa kwa moyo mzito, maana yeye ndiye aliyekuwa katikati na hapakuwa na upande wa kuegemea.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kwa namna ya kimyakimya. Ufadhili ulikuwa umefika mwisho. Profesa wake alimwandikia kwa upole, kwamba msimu mmoja hautoshi, na kwamba kama anataka kukomea hapo, ipo shahada ya chini yake wanayoweza kumpa. Habari zikatembea Nakuru mpaka kwenye nyumba za reli, na wale waliokuwa wakimwita Daktari kwa sauti kubwa wakaanza kulitaja jina hilo wakitabasamu. Wamalwa alijilaza kitandani akigeukia ukuta. Nekesa, aliyekuwa amemzoea sasa, alimletea uji akamwuliza kama na yeye atakufa kama babu.

Shetani naye hachelewi mahali kama hapo. Siku moja Nasimiyu alimkuta mezani na penseli. Alikuwa amepima yale magunia yote, na sasa alikuwa akiigawa ile jumla: kitalu hiki kidogo, kile zaidi, akifuata mwaka wa kwanza ulivyokuwa. Ilikuwa kazi nzuri. Namba zilifanana na za kweli. Hakuna mtu Uingereza wala Njoro ambaye angejua, na moyoni alijiambia kuwa pengine hata hazikuwa mbali na ukweli.

"Hizo ni za nini?" Nasimiyu aliuliza.

"Ni za vitalu. Nafikiri kwamba..."

Alikuwa amelisikia lile neno likitoka kinywani mwake mwenyewe. Nafikiri. Akamwona mzee Makokha kwenye koti lake la reli, akitembea kando ya vigingi, mikono mgongoni. Akaichukua karatasi akaikunja, akainuka, akaitia jikoni kwenye makaa. Nasimiyu akamwongezea chai.

Hivyo akapanda tena. Alipata kazi ya ualimu huko Elburgon, katika vumbi la mbao na mlio wa misumeno, na kila mwisho wa juma alirudi Njoro kwa lori la magogo. Kipara alimpa kona ile mwaka mmoja tena, wa mwisho. Wamalwa alilima pale pale, akapima pale pale, akafungua ile kamba ya mgomba na kukirudisha kila kigingi kwenye shimo lake. Profesa alikuwa amekubali kumngoja, lakini msimu huu ukiharibika hapangekuwa na mwingine.

Rahab alimwona. Kwa mbali, kama siku zote. Jioni moja alimwuliza binti yake, huku akichambua mboga, kwa nini mumewe amevirudisha vile vijiti mahali pale pale. Nasimiyu alikuwa ameahidi, naye hakuivunja ahadi, alinyamaza tu. Lakini mama anayajua manyamazo ya mtoto wake. Rahab alichambua mboga mpaka ikaisha, akaendelea kuchambua sufuria tupu.

"Na vilikuwa na kazi gani?" aliuliza tena.

"Muulize mwenyewe, mama," Nasimiyu alisema, na wote wawili walijua hilo haliwezekani.

Shahada ilikuja mwaka 1959. Nitaisema kwa kifupi, kwa kuwa yeye mwenyewe huisema kwa kifupi: alikwenda, akaulizwa maswali, akajibu, akavikwa kofia laini ya ajabu kichwani mbele ya watu asiowajua. Aliporudi alipanda garimoshi mpaka magharibi, akasimama kwenye kaburi la baba yake, akasema neno moja, "Nimemaliza." Upepo ukapita kwenye migomba. Akangoja kidogo, kisha akaenda ndani kunywa chai na mama yake.

Lakini ukimwuliza Wamalwa ni lini hasa alimaliza, hakutajii kofia wala garimoshi. Atakuambia ni siku ya yale mavuno ya mwisho, huko Njoro, mwaka mmoja kabla.

Siku hiyo yeye na Nasimiyu walikuja mapema, umande bado haujakauka, kwa njia ndefu ya mikaratusi. Walipotokea kwenye kona waliwakuta akina mama wa kanisa. Wamesimama nje ya ua, kila mmoja na mundu wake kiunoni na gunia tupu begani. Hakuna aliyekanyaga ndani. Damu ilimpanda Wamalwa kichwani, halafu akaona kwamba hawajakata kitu, ila wanangoja. Rahab alikuwa mwisho wa mstari, uso ameuelekeza kwenye mikaratusi.

"Nasimiyu," Rahab alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Muulize mume wako tuanzie wapi."

Nasimiyu aligeuka. "Mama anauliza waanzie wapi."

Wamalwa alikuwa na maneno mengi ya Kiingereza kuhusu vitalu vile, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuyasema kwa lugha ambayo mama mkwe wake angesikia. Sasa akasema. Alizungumza na Nasimiyu, kama inavyopasa, lakini kwa sauti ya kumfikia mtu wa mwisho. Alieleza kutu. Alieleza kwamba kila kigingi ni mbegu yake, na kila mbegu lazima ikatwe peke yake, ipurwe peke yake, ipimwe peke yake, na kwamba punje za kitalu kimoja zikigusana na za kingine, kazi yote imekwisha. Aliposema hilo la mwisho alitamani kulirudisha, lakini lilikuwa limeshatoka.

Chelangat alikuwa akitazama chini.

"Mwambie arudie hapo pa mwisho," Rahab alisema.

Akarudia, polepole, macho yake yakiwa ardhini.

Walivuna. Kila mama alipewa kitalu chake, akakata na kufunga, akapura juu ya gunia lake mwenyewe, akaingiza kigingi ndani ya mfuko kabla ya kuufunga, asichukue kingine mpaka cha kwanza kimekwisha kupimwa. Walifanya kazi kama watu walio kanisani. Hakuna aliyeimba. Rahab alichukua kitalu cha pembeni kabisa, karibu na yale mawe matatu ya Waithaka, na alipomaliza alikung'uta kanga yake juu ya gunia, akapekua mikunjo yake, akatoa punje moja iliyokuwa imenaswa kwenye pindo, akaitia ndani ya mfuko wa kitalu hicho pamoja na nyingine.

Jioni mifuko yote ilikuwa imepangwa kwa safu, kila mmoja na namba yake. Akina mama walichukua miundu yao wakaanza kuondoka. Wamalwa alikuwa ameinama akifunga mizani. Nasimiyu alikuwa karibu naye, na Rahab alikuwa amesimama nyuma yao, si mbali kama siku nyingine, amewapa mgongo.

"Nasimiyu."

"Naam, mama."

Ilionekana kama Rahab atasema pole, au atalia, na Wamalwa aliomba moyoni asifanye lolote kati ya hayo, kwa sababu hakujua yeye mwenyewe angefanya nini.

"Na bado akatuchinjia kondoo," Rahab alisema.

Hakungoja jibu. Alijifunga kanga vizuri kichwani, akashika njia ya mkato kutoka kwenye vitalu hadi nyumbani kwake, akapita kando kabisa ya mkwe wake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Wamalwa aliinamisha kichwa mpaka hatua zake ziliposikika mbele ya nyumba, kisha akaendelea kufunga mizani.